Mtoto abaki kwa bibi au aende nasari ya Kiingereza?

Swali: Naishi Igombe, Ilemela. Nina mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi minane. Nafanya biashara ya dagaa, natoka alfajiri na siku nyingine narudi jioni kabisa. Mtoto anabaki na mama yangu mzazi, ambaye anaongea naye Kisukuma tu. Mama bado ana nguvu ila magoti yanamsumbua, na nyumba yetu iko hatua chache kutoka mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha dagaa. Mtoto anasema maneno machache na anachanganya Kisukuma na Kiswahili. Mtoto wa jirani wanalingana, yuko nasari ya Kiingereza kule Pasiansi, anaimba ABC na kuhesabu mpaka ishirini. Shemeji yangu ananiambia utafiti umeonyesha kwamba ubongo wa mtoto ukishafika miaka mitatu unafunga, na nikimwacha kwa bibi nitakuwa nimemharibia maisha. Ada ni karibu nusu ya ninachopata kwa mwezi. Je, ni kweli? Nimtoe kwa bibi?

Jibu: Mwangaluka, dada. Kwa kifupi, usimtoe kwa bibi, na usilipe nusu ya kipato chako kwa ajili ya ABC. Ila barua yako ina mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu, na kwangu ni mazito kuliko nasari. Mtoto anasema maneno machache, na nyumba iko jirani na maji. Nitayafikia. Kwanza nimalizane na shemeji.

Shemeji hajatunga hadithi, amesikia nusu ya habari. Ni kweli ubongo hukua kwa kasi miaka ya mwanzo kuliko wakati mwingine wowote, na ubongo wa mtoto wa miaka mitatu umeshafika karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ila hakuna mlango unaofungwa siku ya kuzaliwa ya tatu. Mtoto anaendelea kujifunza lugha, hesabu, subira na urafiki miaka mingi baada ya hapo. Na ushahidi wenyewe unaotajwa sana kuhusu miaka hiyo ya mwanzo unamuunga mkono mama yako.

Tuuangalie. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kufuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo vya watoto vya Bucharest, Romania. Nusu yao walipelekwa kuishi na familia za malezi, nusu wakabaki chini ya utaratibu wa kawaida, na nani aende wapi iliamuliwa kwa kura. Watoto wale vituoni walikuwa na kitanda, chakula, nguo safi na ratiba. Kilichokosekana ni mtu wao. Walezi walibadilishana zamu, mmoja akihudumia watoto wengi, na mtoto akilia hakuna aliyejua huyu analia kwa njaa na yule kwa usingizi. Waliopata familia walipata ahueni katika akili, lugha na uhusiano na watu, na waliopata kabla ya kutimiza miaka miwili walinufaika zaidi katika mengi. Hiyo ndiyo "miaka ya kwanza" inayosemwa. Mtoto wako amekaa miaka hiyo yote na mtu anayejua kilio chake. Shemeji akileta tena habari ya ubongo kufunga, mwambie kitu ambacho wale watoto walinyimwa mwanao anacho, tena bila ada.

Kuna utafiti mwingine wa zamani ninaoupenda kwa sababu ulifanyika upande wa pili wa ziwa letu. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, anakaa sebuleni, anaangalia akina mama na watoto wachanga wao. Zilikuwa nyumba kama zetu, zenye bibi, shangazi na dada wakubwa wanaobeba mtoto. Alichotaka kujua ni kwa nini watoto wengine wametulia na mama zao na wengine wana wasiwasi muda wote. Wingi wa walezi ndani ya nyumba haukuleta tofauti. Waliokuwa na watoto watulivu ni akina mama walioweza kumsimulia mtoto wao kwa undani, kwamba akifanya hivi maana yake ana usingizi, akivuta sikio ameanza kuchoka, kitu hiki anakipenda, kile anakiogopa.

Hapo una kipimo unachoweza kukitumia leo jioni, na nakushauri ukitumie kweli. Ukifika nyumbani muulize mama, "Leo kafanya nini?" Akikujibu "yupo tu, hajambo," muulize kesho tena na kesho kutwa. Lakini akianza kukueleza kwamba asubuhi alimfukuza kuku wa jirani mpaka kwenye mawe, akaanguka, akasema neno fulani ambalo hajawahi kulisema, akakataa uji mpaka ulipopoa, basi huyo bibi anafanya kazi ambayo kituo chenye watoto arobaini na walezi wawili hakiwezi kuifanya.

Sasa ABC. Mtoto kuimba herufi na namba ni jambo zuri, kama kuimba wimbo wowote. Ila kuhesabu mpaka ishirini kwa mdomo na kujua tatu ni ngapi ni vitu viwili. Mtafiti Karen Wynn alilionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa zoezi jepesi: unamwambia mtoto akupe vitu kadhaa, unaangalia anatoa vingapi. Watoto wengi wa miaka miwili na nusu wanaoweza kuimba moja mpaka kumi wakiombwa vitatu wanachota tu kiganja kizima. Maana ya namba hutulia kwa wengi kati ya miaka mitatu na nusu na minne. Kwa hiyo ukitaka kujua mwanao yuko wapi, mwombe dagaa mmoja kutoka kwenye ungo, kisha wawili. Umri huu akiweza mmoja na wawili anaendelea vizuri. (Usiende kumfanyia mtihani mtoto wa jirani mbele ya mama yake. Ujirani wa Igombe una thamani kuliko utafiti.)

Najua kuna tafiti zinazosifu nasari, na shemeji akisoma kidogo atazikuta. Maarufu kuliko zote ni ile ya mji wa Ypsilanti, Michigan, iliyoanza mwaka 1962 na watoto 123 wa familia maskini. Waliosoma walifuatiliwa mpaka wakiwa na miaka arobaini na wakaonekana wana ajira na kipato bora kuliko wenzao waliokosa. Watu wanaishia hapo. Hawasemi kwamba walimu wa ile shule walikuwa wamesomea kazi yao, darasa lilikuwa na watoto wachache, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto kukaa na mama kwa saa moja na nusu. Nionyeshe nasari ya Mwanza inayofanya hivyo nami nitakuchangia ada.

Linganisha na jimbo la Tennessee, ambako serikali ilikuwa na madarasa ya awali ya watoto wa miaka minne, nafasi hazikutosha, na waliopata walipatikana kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka ule watoto waliopata nafasi walijua herufi zaidi ya wenzao, na wazazi wakafurahi. Miaka iliyofuata tofauti ikayeyuka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kufika darasa la sita waliopitia madarasa yale walikuwa na alama za chini kuliko waliokosa nafasi, na kesi za nidhamu nyingi zaidi. Kwa nini, bado watu wanabishana. Mimi naegemea upande wa wanaosema mtoto wa miaka minne aliyekalishwa kwenye benchi, akasubiri foleni, akaitikia kwa pamoja, anajifunza zaidi kutulia kuliko kuwaza. Kwa mtoto ambaye hajafika hata mitatu sina hamu ya kufanya jaribio hilo.

Na Ghana, karibu na kwetu kwa hali, waliwafundisha walimu wa nasari 240 za eneo la Accra, katika mwaka wa masomo wa 2015/16, kufundisha kwa michezo na upole. Watoto wakaendelea vizuri. Katika kundi moja la shule wakaongeza mikutano ya wazazi, wakawaonyesha video juu ya umuhimu wa mchezo, na faida iliyopatikana ikapotea. Nadhani wazazi waliona walimu wanacheza badala ya kufundisha. Wewe na mimi tunawajua wazazi wa namna hiyo; wanataka kuona daftari limejaa, hata kama mwenye daftari hajaweza kushika kijiko.

Kitu kilichofanikiwa kwa gharama ndogo kuliko vyote kilifanyika Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, na hapakuwa na jengo. Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa mtaani, watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Mhudumu alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa chupa, maboksi na vitambaa, akakaa chini na mama na mtoto, wakacheza, akaacha vile vitu mpaka wiki inayofuata. Muhimu havikuwa vile vitu vya kuchezea. Mama alizoea kuongea na mtoto, kumpa jina la kila kitu, kumsifia, kumngoja ajibu. Watoto wale walipofika miaka 22 walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko waliodumaa wenzao ambao hawakutembelewa. Mwanao na bibi yake wanaweza kufanya hayo yote pale kwenye mkeka.

Kwa hiyo nikuambie kitu hicho ni nini, maana "mcheze na mtoto" ni ushauri mwepesi mno. Ni kupokezana. Mtoto ananyoosha kidole kwenye mtumbwi, bibi anasema "ee, mtumbwi, nani yumo?", mtoto anatoa sauti yoyote, bibi anaipokea kama jibu na kuongezea. Ni kama kurushiana mpira, mmoja akiudaka na asiurudishe mchezo umekwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na kundi la Rachel Romeo, Marekani, uliwavalisha watoto wa miaka minne hadi sita kinasa sauti nyumbani, kisha ukaangalia ubongo wao wakisikiliza hadithi. Idadi ya maneno waliyoyasikia haikuwa na uzito kama idadi ya mara walizopokezana mazungumzo na mtu mzima. Ndiyo maana katuni za simu hazihesabiki hata zikiongea Kiingereza cha malkia. Haziwezi kumngoja mtoto ajibu. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilisema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na chini ya hapo ni bora zaidi.

Na wewe, ukirudi jioni umechoka na simu inaita kwa hesabu za magunia, kuna jaribio la Edward Tronick la miaka ya 1970 ambalo ningependa ulijue. Mama anacheza na mtoto mchanga, kisha anaambiwa akaze uso kwa dakika mbili hivi, asicheke, asijibu. Mtoto anajaribu kila hila aliyonayo kumrudisha mama, anatabasamu, ananyoosha mikono, anapiga kelele, halafu anageuka pembeni na kulia. Mama akirudisha uso wake, wanapatana. Sikutajii hilo ili ujilaumu, maana watoto wote hukutana na nyuso zilizochoka, na kupatana kule ndiko kunakowajenga. Robo saa ya uso wako mzima baada ya kunawa harufu ya dagaa inatosha siku za kazi. Na biashara yako ina rehema moja ambayo watu wa ofisini hawana: mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki, mwalo unapoa. Siku hizo mchukue wewe, bibi apumzishe magoti.

Kuhusu Kisukuma sina mjadala mrefu. Mwache bibi aongee Kisukuma. Ukimlazimisha aongee Kiswahili cha kuokoteza ataongea kidogo, atatoa amri tu, "njoo", "acha", "kaa", na hadithi, vitendawili na utani vyote vitabaki kifuani mwake. Kiswahili atakipata kwako, kwa watoto wa mtaani, kanisani au msikitini, redioni na kwenye daladala. Sijaona mtoto wa Mwanza aliyekua bila Kiswahili. Kuchanganya lugha mbili katika sentensi moja ni kawaida ya kila mtoto anayekua na lugha mbili, na hata sisi wakubwa tunafanya. Na Kiingereza hakijengwi kwa kuiacha lugha ya nyumbani. Kule Ife, Nigeria, mradi ulioanza mwaka 1970 chini ya Babs Fafunwa ulifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo. Walipolinganishwa na wenzao waliohamia Kiingereza mapema, hawakuwa nyuma, hata katika Kiingereza chenyewe.

Lakini sasa tukae kwenye neno lako "machache". Hapa sitakutuliza. Chukua karatasi, wewe na mama mkae mwandike kila neno analolisema mtoto, ya Kisukuma na ya Kiswahili pamoja, hata lisiloeleweka kwa wengine alimradi kila mara ana maana ileile. Watu wengi huhesabu lugha moja na kusema mtoto amechelewa, kumbe ana maneno mengi yaliyogawanyika. Halafu sikiliza kama anaunganisha, "taka maji", "bibi kuja", "kuku kimbia", kwa lugha yoyote au kwa mchanganyiko. Mtoto wa miaka miwili anatarajiwa kuanza kuunganisha mawili, na huyu ameshapita hapo kwa miezi minane. Mwambie pia "chukua kikombe umpelekee bibi" bila kumwonyesha kwa kidole. Ukimwita jina akiwa amekupa mgongo, anageuka? Kuna maneno aliyokuwa anayasema akayaacha? Sikio lake limewahi kutoa usaha?

Kama haunganishi maneno mawili, au hageuki akiitwa, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, nenda kliniki uombe rufaa ya kupimwa masikio, hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Usikubali kurudishwa na "wavulana huchelewa kuongea." Wapo wanaochelewa kweli na wakafika, ila hatuwezi kuwatofautisha na asiyesikia vizuri kwa kumtazama tu. Sikio linalouguaugua linamfanya mtoto asikie kama mtu aliye chini ya maji, na hakuna nasari wala bibi atakayemfundisha kuongea kwa sikio hilo. Nenda na kadi yake ya kliniki, waangalie uzito na urefu pia, waulize kuhusu damu. Kanda yetu ya Ziwa ina malaria nyingi, na mtoto mwenye upungufu wa damu wa muda mrefu anakuwa mnyonge, hachunguzi vitu, haongei sana.

Sasa maji, na hapa ndipo ningeweka pesa zako.

Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kumkimbiza mtoto wa karibu miaka mitatu, na huyu bado miezi michache tu atakuwa na kasi kuliko wote nyumbani. Watoto wa umri huu huzama kimya, karibu na nyumbani, wakati mkubwa amegeuka kugeuza dagaa au kuangalia chungu. Wanazama hata kwenye pipa na ndoo. Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi, walipochunguza waligundua vifo vingi vya watoto wadogo hutokea asubuhi, mama akiwa na kazi. Wakaanzisha sehemu za kulelea watoto kijijini, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, mlezi akiwa mwanamke wa kijiji hichohicho. Vifo vya kuzama kati ya watoto waliohudhuria vikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Shirika la Afya Duniani sasa linaitaja njia hiyo kati ya hatua za kwanza kwa nchi zenye maji mengi. Mwaloni kwetu saa ni hizohizo, mitumbwi imerudi, dagaa wanaanikwa, kila mkono una kazi.

Kwa hiyo ningeuza wazo la nasari ya Pasiansi na kununua haya. Wigo na geti lenye komeo la juu. Vifuniko vya mapipa. Kisha ongea na wanawake watano au sita wa mwaloni wenye watoto wa rika hilo, mchange pesa mumlipe mwanamke mmoja mnayemwamini, mwenye miguu na sauti, akae na watoto asubuhi tu, uwanja uliozungushiwa, mbali na maji. Bibi aende naye siku akijisikia, akae kivulini atoe hadithi; mchana mtoto arudi kwake. Msifanye kimyakimya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na afisa ustawi wa jamii atawaeleza taratibu. Mkumbusheni pia kwamba serikali ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, na ulezi salama ni sehemu yake. Afisa anapokuta wanawake wameshajipanga kazi yake inakuwa nyepesi, na huwa wanakubali.

Mkiwa kwenye hilo, msiwaogeshe watoto ziwani. Kichocho huingia kwa kugusa maji tu, na dawa zinazogawiwa shuleni zinawalenga watoto wa umri wa shule; mwanao bado hayumo. Maji ya ziwa yakikaa kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili, bila konokono ndani, vijidudu vile huwa vimekufa.

Kwenye chakula umebahatika kwa biashara yako. Twanga dagaa wakavu waliokaushwa kwenye vichanja, wasio na mchanga, weka kijiko kwenye uji au mboga yake kila siku. Wana protini, chuma na kalisi kwa wingi, huhitaji unga wa dukani unaoandikwa "lishe". Nina shaka na ule unga wa kuchanganya nafaka nane na karanga ndani yake, hasa ukikaa muda mrefu kwenye mfuko; karanga na mahindi yaliyopata unyevu hushika sumukuvu, na wewe huwezi kuiona wala kuionja. Kwa taifa zima, asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa katika takwimu za 2022, kwa hiyo usidhani urefu wake ni wa ukoo tu kabla hajapimwa.

Baba wa mtoto hukumtaja na sitauliza. Kama yupo, mshirikishe mapema. Mkoani Mara watafiti walienda vijiji 80 kulinganisha mafunzo ya malezi na lishe kwa akina mama peke yao na kwa mama na baba pamoja, na walikuwa na sababu: mara nyingi mwanaume ndiye anayeamua pesa ya mayai itoke au isitoke. Kama hayupo, shemeji ana muda wa kusoma tafiti, basi apewe kazi ya kumpeleka mtoto uwanjani kila Jumapili, na ya kujenga ule wigo.

Shule itafika. Kabla ya darasa la kwanza atapata mwaka wake wa elimu ya awali katika shule ya serikali, bila ada, kwa Kiswahili. Ukitaka kumwanzisha kituo akiwa na miaka minne, nenda bila taarifa, simama nje ya dirisha usikilize. Ukisikia sauti ya mlezi tu na watoto wakiitikia kwa pamoja, ondoka. Ukiona fimbo, ondoka haraka zaidi. Uliza mlezi mmoja ana watoto wangapi. Mwongozo wetu wa elimu ya awali unasema wasizidi 25, na kwa wa miaka mitatu mimi ningetaka nusu ya hapo. Uliza pia mlezi wa mwaka jana bado yupo. Kituo kinachobadilisha walezi kila muhula kwa sababu kinawalipa vibaya hakitakusaidia hata kiwe na bembea za rangi zote.

Anza na masikio, na uende siku hizi za mbalamwezi, kabla usiku wa giza haujarudi, maana dagaa wakipanda tena hutapata nafasi. Ukishapata majibu, niandikie, pamoja na ile karatasi ya maneno ya lugha zote mbili na umri wa mtoto siku mliyoyahesabu.